Drili Haijaishiwa Nguvu, Biti Inakula Kupita Kiasi

Kila fundi anayekwama na biti ya oga, ile ya msokoto yenye parafujo kwenye ncha, kwenye boriti ya mkongo hutoa hukumu ileile: "Drili hii haina nguvu." Wanaotengeneza mashua Msimbati wanasema hivyo, wanaopiga kenchi Masasi wanasema hivyo, na wauza vifaa hawawezi kuwapinga kwa sababu jibu hilo linauza drili kubwa. Basi mtu anaiacha mashine ya betri ya volti 18, ananunua ya umeme ya wati 1,000 na kitu, anafunga biti ileile kwenye mti uleule. Safari hii mashine haikwami. Inauzungusha mkono wake. Nimechoka kueleza jambo hili fundi mmoja mmoja dukani, kwa hiyo naliandika hapa lote.

Oga haisukumwi. Inajivuta. Ile parafujo ndogo kwenye ncha ndiyo inayoamua biti ishuke kiasi gani, na ikishashika mti haijali kama unaegemea au umeilegezea. Ikizunguka mara moja, biti inashuka umbali wa hatua moja ya parafujo, yaani umbali ambao parafujo husonga mbele kwa mzunguko mmoja. Hatua ikiwa mm 2, kila mzunguko visu vya kichwani mwa biti vinalazimika kuondoa unene wa mm 2 wa mti, viwe tayari au visiwe tayari. Umbo hili lilizaliwa wakati wa keekee ya mkono. Ezra L'Hommedieu wa Connecticut, Marekani, alipata hataza ya oga yake yenye parafujo katikati mwaka 1809, na Russell Jennings wa jimbo hilohilo akapata yake mwaka 1855. Seremala wa wakati huo alikuwa anazungusha polepole, na parafujo inayovuta ilimpunguzia kazi ya kuegemea kwa kifua. Leo tumefunga kitu kilekile kwenye mota.

Fanya hesabu. Drili nyingi za betri zina gia mbili: ya kwanza karibu mizunguko 450 kwa dakika, ya pili karibu 1,800. Hatua ya mm 2 kwenye gia ya kwanza inadai biti ishuke mm 15 kila sekunde. Kwenye gia ya pili inadai mm 60 kila sekunde, maana yake boriti ya mm 150 imalizwe kwa sekunde mbili na nusu. Na gia ya pili, kwa sababu inazunguka mara nne ya ile ya kwanza, ina robo tu ya nguvu ya kusokota. Fundi anayeona biti inasuasua akahamia gia ya pili "ili iende" amepunguza nguvu mahali ambapo mti unadai nguvu zaidi. Gia ya kwanza, daima. Hapo sina mjadala.

Kipenyo nacho kinadai chake. Kutoka mm 12 hadi mm 24 watu hudhani mzigo unaongezeka mara mbili. Upana wa kisu umekuwa mara mbili, kweli, lakini na mkono wa nguvu, kutoka katikati hadi ukingoni, umekuwa mara mbili pia. Kwa hatua ileile ya parafujo mzigo ni karibu mara nne. Drili iliyopita kwa raha na mm 12 inaweza kugoma kabisa na mm 24 bila kuwa na ubovu wowote.

Kwa hiyo kabla ya kununua drili, pima hatua ya biti yako. Usihesabu meno kwa macho, kwa sababu parafujo nyingi za oga yenye visu viwili zina mianzo miwili ya meno: tazama ncha yenyewe utaona meno mawili yanaanza pande mbili, na hatua halisi ni mara mbili ya nafasi kati ya jino na jino. Njia ya uhakika ni hii: funga biti kwenye keekee ya mkono au uizungushe kwa spana, iache ishike mti mpaka visu vianze kula, weka alama kwenye shina, zungusha mara kumi, pima imeshuka kiasi gani, gawanya kwa kumi. Ukipata mm 1 hadi 1.5, hiyo ni biti ya mti mgumu. Ukipata mm 2.5 au 3, hiyo ilitengenezwa kwa msonobari na mbao laini, na kuipeleka kwenye mkongo mkavu ni kuitafutia drili lawama.

Mwenye biti ya hatua kubwa pekee ana njia moja ambayo vitabu havipendi kuitaja. Chukua tupa ndogo ya pembetatu, punguza vilele vya meno ya parafujo mpaka yashike kidogo tu. Sasa biti haitajivuta kwa nguvu, na wewe utaamua kasi kwa kuegemea. Kwa drili ya mezani ya kushusha kwa mpini nasema ifanye bila kusita, tena ondoa meno yote ibaki ncha tupu, kwa sababu parafujo na mpini vinagombana na mti unaweza kunyanyuliwa kutoka mezani. Kwa drili ya mkononi nasita zaidi. Meno uliyoyaondoa hayarudi, na kwenye mbao laini biti hiyo itakuchosha bure.

Kuna hali iliyo kinyume: biti inazunguka, haishuki, na shimo linafuka moshi. Watu hujibu kwa kuegemea kwa uzito wote. Angalia parafujo kwanza. Mara nyingi meno yamejaa unga wa mti uliobanwa, hasa kwenye mbao zenye utomvu, na parafujo iliyojaa haina cha kushikia. Isafishe kwa brashi ya waya au sindano, usiichome kwa moto. Meno yaliyolala yanaweza kuamshwa kwa pesti ya kusagia valvu za injini: ipake kwenye parafujo, ingiza na kutoa mara kadhaa kwenye kipande cha mbao laini, kisha ioshe kwa mafuta ya taa. Na kama unatoboa kichwani mwa mti, sambamba na nyuzi, parafujo itachanika njia yake hata ikiwa kali, kwa sababu huko nyuzi hazina wa kuzizuia zisitengane. Hapo kusukuma kunaruhusiwa.

Sasa kunoa, na hapa ndipo biti nyingi nzuri zinapouawa na watu wenye nia njema.

Oga yenye nyembe pembeni inafanya kazi mbili kwa zamu. Wembe unatangulia na kukata nyuzi kwa mduara. Kisu kinafuata na kunyanyua kilichokatwa. Kwa hiyo wembe lazima utokeze chini ya kisu kuliko unene wa maranda ambayo kisu kinaondoa. Hatua ya mm 2 ikigawanywa kwa visu viwili ni mm 1 kwa kila kisu, basi wembe usipotokeza zaidi ya mm 1, kisu kinafika kabla nyuzi hazijakatwa, kinazichana, na mdomo wa shimo unakuwa na manyoya. Sheria ya kunoa wembe: ndani tu. Ukipiga tupa upande wa nje, unapunguza kipenyo cha kichwa. Kichwa cha biti kimetengenezwa kipana kidogo kuliko mwili wake wa msokoto ili mwili upite bila kusugua. Kichwa kikilingana na mwili, mti unaukamata mwili mzima, na ukiwa mbichi au uliolowa maji ya bahari unazidi kukaza. Fundi anakuja kusema drili haina nguvu, kumbe nje ya wembe kunang'aa alama za tupa.

Kisu nacho kinanolewa upande wa juu tu, ule unaoelekea shina. Simamisha biti parafujo ikiwa chini juu ya kipande cha mbao, pitisha tupa laini kwenye koo la msokoto, piga kwa pembe ileile iliyokuwepo. Upande wa chini usiuguse isipokuwa kuondoa kijinyuzi cha chuma kilichobaki, kwa pigo moja jepesi.

Sababu yake watu wengi hawaielezwi, na bila sababu hawaishiki. Kisu hakizunguki kwa usawa. Kinashuka huku kikizunguka, kwa hiyo njia yake ni mteremko. Mteremko huo si sawa kote. Kwa hatua ya mm 2, karibu na katikati, mm 3 kutoka mhimili, mteremko ni digrii 6. Ukingoni mwa biti ya mm 18, mm 9 kutoka mhimili, ni digrii 2 tu. Mgongo wa kisu, upande wa chini, lazima uinuke nyuma kwa pembe kubwa kuliko mteremko huo, la sivyo mgongo unakaa juu ya mti kabla ya makali kufika. Hatua ya mm 3 inadai zaidi ya digrii 9 pale katikati. Fundi akisawazisha upande wa chini ili "ung'ae", anaifuta pembe hiyo, na inafutika kwanza karibu na parafujo ambako inahitajika zaidi. Kisu kinaonekana kikali, ukikigusa kinakata kucha, lakini biti haishuki. Parafujo inavuta, mgongo unakataa, meno ya mti yanavunjika na shimo la parafujo linageuka unga. Hakuna drili duniani itakayotibu hilo.

Grainda sahau. Chuma cha oga ni laini kiasi cha kukubali tupa. Rangi ya bluu ikitokea kwenye makali, ugumu umeondoka hapo na makali hayatadumu.

Kuhusu biti mpya zenye visu vitatu: ni nzuri, zinazunguka kwa utulivu, zinapita haraka kwenye kenchi. Lakini wanaoamini kwamba visu vitatu vinapunguza mzigo wa drili wamekosea. Mti unaoondolewa kwa mzunguko mmoja unaamuliwa na hatua ya parafujo, si na idadi ya visu. Visu vitatu vinagawana kazi ileile vipande vitatu vyembamba, na kukata maranda membamba hugharimu kidogo zaidi kwa ujazo uleule. Kwenye ubao wa zamani wenye misumari iliyofichika ndani, nyembe na visu vingi ni vingi vya kuvunjika. Chagua yenye kisu kimoja kinene kisicho na wembe, na ukubali shimo lenye mdomo mchafu.

Klachi, ile pete ya namba kwenye drili inayoteleza mzigo ukizidi: usiweke kwenye alama ya biti, ambako haitelezi, unapoanza, weka namba ya juu kabisa, ili biti ikikwama klachi iteleze badala ya kiwiko chako. Ikiwa namba ya juu haitoshi, funga mpini wa pembeni ndipo uhamie alama ya biti. Hakikisha alama ya nyundo imezimwa. Kupigapiga ni kwa zege, kwenye mti kunaponda makali. Mashine ya kufungia parafujo kwa mapigo haitausokota mkono, lakini shina la pembe sita la mm 6.35 kwenye biti za bei rahisi hukatika shingoni kwa mapigo hayo.

Shimo refu, kama la bolti ya M16 kupita mkuku au vitanda vya injini kwenye mashua, lina tabia yake. Biti ya parafujo hufuata nyuzi: parafujo inakwenda pale mti unapoiruhusu, na kwenye mm 300 inaweza kutokea pembeni kabisa. Mafundi wa meli wana oga isiyo na parafujo wala wembe, kisu kimoja na mfereji mpana, na hiyo ndiyo inayostahili hapa. Anza kwa biti ya kawaida ya mm 18, ukiongozwa na kipimo cha pembe mraba pande mbili, shuka mm 50 hadi 100. Kisha ingiza ile isiyo na parafujo ifuate shimo ulilolianza, na sasa unasukuma wewe. Inapunguza kupotea, haiondoi kabisa, na kwenye mwembe wenye nyuzi zilizopinda siahidi zaidi ya hapo.

Usiache mfereji wote uzame. Mara sehemu ya juu ya msokoto inapofika usawa wa mti, maranda hayana pa kutokea na yanajibana mpaka biti inakamatwa. Kutoa biti ya parafujo: rudisha nyuma mizunguko michache tu ili parafujo iachie, kisha zungusha mbele tena huku unavuta. Ukirudisha nyuma mpaka mwisho, unayaacha maranda chini ya shimo. Parafujo ikichungulia upande wa pili, simama, geuka, malizia kutoka huko.

Mnazi una ganda la nje gumu na moyo laini, na unafuta makali upesi. Noa kabla ya kuanza, si baada. Kwa mpingo wa Kilwa na Liwale kanuni zote hizi zinayumba. Ni mti unaozama majini, na parafujo ya oga mara nyingi haiingii, au inaingia kisha inakatikia ndani. Tumia biti ya chuma ya kawaida, toboa mm 3 au 4 kwanza, panua kwa hatua ndogo, toa biti kila mm 10 na uiache ipoe, kwa sababu mpingo uliopata joto hupasuka kandokando ya shimo hata siku moja baada ya kazi kuisha.