Orodha ya ubora ya mashabiki: ni nini, na isomwe vipi

Orodha ya ubora ya mashabiki ni mpangilio wa sehemu za tamthilia, kuanzia ile inayopendwa zaidi hadi ile ya mkiani, unaofanywa na watazamaji wenyewe, si wahakiki wa magazeti wala majaji wa tuzo.

Chukua Foyle's War, tamthilia ya upelelezi ya Uingereza iliyobuniwa na Anthony Horowitz na kurushwa na kituo cha televisheni cha ITV kati ya 2002 na 2015. Ina sehemu 28, kila moja ndefu karibu kama filamu, na kesi huanza na kumalizika humo humo. Tamthilia ya namna hii hupangika kirahisi kuliko ile inayosimulia kisa kimoja mwanzo mwisho, ambamo ni vigumu kusema sehemu ya tatu inaishia wapi na ya nne inaanzia wapi.

Orodha hizi ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya mtu mmoja: amezitazama zote, amezipanga, na anaeleza sababu zake. Ya pili hutokana na kura za wengi, kila mmoja akitoa alama, kisha unachukuliwa wastani. Wastani huficha mengi. Sehemu iliyopewa 7 na kila mtu hulingana na ile ambayo nusu ya watu wameipa 10 na nusu 4, ingawa ya kwanza haikumchangamsha yeyote na ya pili imezua ubishi mkali. Tena, anayefika misimu ya mwisho mara nyingi ni shabiki wa kufa na kupona. Waliochoka walishaondoka, na kura zao hazimo.

Lakini swali kubwa ni hili: kinachopimwa ni nini? Katika Foyle's War kuna mambo matatu kwa wakati mmoja: fumbo la nani kaua, historia ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na mapenzi ya watu kwa wahusika, yaani mpelelezi Christopher Foyle wa mji wa Hastings, anayeigizwa na Michael Kitchen, pamoja na dereva wake Samantha Stewart. Tazama "Bad Blood", inayohusu majaribio ya siri ya kimeta kama silaha. Jambo hilo lina mizizi ya kweli, kwani mwaka 1942 Waingereza walijaribu kimeta kwa kondoo katika kisiwa cha Gruinard, Scotland, na kisiwa hicho hakikutangazwa kuwa salama hadi 1990. Katika sehemu hiyo Samantha naye anaambukizwa. Mpenda historia ataipandisha juu kwa sababu ya kimeta, na anayempenda Samantha kwa sababu ya hofu ya kumpoteza. Anayetaka fumbo tu huenda akaishusha, na hajakosea.

Vivyo hivyo na "Killing Time" ya 2010, inayoonyesha wanajeshi weusi wa Marekani wakibaguliwa na jeshi lao wenyewe nchini Uingereza mwaka 1945. Kwangu iko miongoni mwa bora kabisa, na sioni haya kusema kwamba fumbo lake silo lililonishika.

Misimu miwili ya mwisho ndiyo mtihani. Vita vimekwisha, Foyle amehamia London kufanya kazi na MI5, idara ya usalama ya Uingereza, na adui sasa ni jasusi. Wapo wanaozipanga sehemu hizo kando kabisa, na naona wana haki, maana kumlinganisha jasusi wa 1946 na mwuaji wa 1940 kwa kipimo kimoja ni kazi ngumu.

Mgeni asianzie namba moja ya orodha. Kwa mfano, "All Clear", ya siku za mwisho za vita mwezi Mei 1945, ilitengenezwa ITV ikiwa imeshaamua kuifunga tamthilia, ingawa baadaye ilirudi, na uzito wake unatokana na yaliyotangulia. Bora aanze na "The German Woman", ya Mei 1940, hata kama orodha imeiweka katikati.