Nani jirani yako huku mlimani? Dhana potofu kuhusu wema wa Mkristo

Anayeishi kwenye milima ya mawe ya Mwanza, iwe Mabatini au Igogo, anajua kwamba kuna nyumba ambazo gari haliwezi kuzifikia. Maji yanapanda kwa ndoo kichwani, saruji inapanda mgongoni mwa kijana, na mgonjwa anashuka kwa mikono ya watu. Usiku mama yangu alipozidiwa tulimshusha kwenye kiti cha plastiki. Wawili walishika nyuma, mmoja mbele, na wengine wakamulika kwa simu ili mguu usiteleze kwenye jiwe. Aliyeshika mbele, pale ambapo uzito wote unamlalia mtu anaposhuka, alikuwa jirani yetu mvuvi kutoka Ukerewe, Mwislamu. Aliyemulika mbele yake ni kijana wa kijiweni ambaye hata salamu yake nilikuwa naipokea kwa shingo upande.

Wenzangu wa jumuiya walipata habari alfajiri, wakaja na uji na kanga, na nawashukuru mpaka leo. Lakini tangu usiku ule nimekuwa nikiyasoma upya maandiko niliyodhani nayajua, na nimeona kwamba mengi tunayoyasema kuhusu kumpenda jirani tumeyaokota njiani. Hayamo kwenye Biblia tunayoibeba kila Jumapili.

"Jirani ninayeagizwa kumpenda ni mwamini mwenzangu"

Wanaosema hivi hushika Wagalatia 6:10, pale Paulo anaposema "hasa jamaa ya waaminio". Ni kweli ameandika hivyo. Ila kabla ya hilo "hasa" ameandika "tuwatendee watu wote mema", na watu wote ni watu wote. Walawi 19 nayo haiishii kwenye mstari wa 18 tunaoukariri, "umpende jirani yako kama nafsi yako". Shuka hadi wa 34 utakuta amri ileile ikirudiwa kwa ajili ya mgeni anayekaa kati yenu.

Mwanasheria wa Luka 10 alitaka apewe mpaka: "Na jirani yangu ni nani?" Yesu hakumchorea mpaka wowote. Alimpa habari ya mtu aliyepigwa na wanyang'anyi, ambaye kuhani na Mlawi walimpita, akasaidiwa na Msamaria, na sisi tumelizoea neno hilo hadi limekuwa jina la mtu mwema. Kwa waliomsikiliza halikuwa hivyo hata kidogo. Mwishoni mwa karne ya 2 kabla ya Kristo, mtawala wa Kiyahudi Yohane Hirkano alilibomoa hekalu la Wasamaria kwenye mlima Gerizimu, na uhasama uliokuwapo ukazidi. Yohana 4:9 inasema wazi kwamba Wayahudi hawakuchangamana na Wasamaria. Ndiyo maana Yesu alipouliza ni yupi kati ya wale watatu aliyekuwa jirani, mwanasheria hakulitaja hata jina la kabila la Msamaria. Alijibu tu, "Ni huyo aliyemwonea huruma."

Tazama pia namna swali lilivyogeuzwa. Mwanasheria aliuliza nani anastahili kuhesabiwa jirani yake. Yesu akauliza nani alijifanya jirani kwa mwenzake. Kwa hesabu hiyo, usiku ule mlimani mimi ndiye niliyekuwa nimelala njiani, na jirani alikuwa yule aliyeshika kiti upande wa mbele.

Jambo jingine ambalo mahubiri mengi hulipita haraka: Msamaria hakuishia kwenye kufunga majeraha. Alilala palepale, siku ya pili akatoa dinari mbili, ambazo kwa Mathayo 20 ni ujira wa kibarua wa siku mbili, akamwambia mwenye nyumba ya wageni kwamba gharama itakayozidi atalipa atakaporudi. Alikuwa safarini, ana shughuli zake, na bado alijifunga kurudi. Mimi hapo ndipo ninaposhindwa. Kutoa mara moja ni rahisi. Kurudi Alhamisi kuuliza "umelalaje?" wakati homa imeshuka na watu wameshatawanyika, hiyo ni kazi.

"Nimemwombea, inatosha"

Hili Yakobo alilimaliza katika mistari mitatu ya sura ya 2. Ndugu hana nguo wala riziki, nawe unamwambia aende kwa amani, akaote moto na kushiba. Yafaa nini? Maombi ninayaamini kwa moyo wangu wote, na ndiyo yaliyonishikilia wodini. Lakini Mithali 3:28 inakataza kumwambia jirani "nenda, urudi kesho" ilhali kitu unacho ndani. Kama unga upo kwenye debe, omba huku unachota.

"Yule bibi macho mekundu, kaa naye mbali, Mkristo hachangamani na wachawi"

Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa kuwa dhana hii inaua. Huku kanda ya ziwa vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingi "ushahidi" umekuwa rangi ya macho yao.

Ukweli kuhusu macho hayo hauhitaji mganga. Sehemu nyingi za Usukumani miti imekwisha, kwa hiyo watu wanapikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Moto wa namna hiyo unatoa moshi mzito. Mwanamke aliyeinamia mafiga tangu utotoni, kwenye jiko lisilo na dirisha, macho yake yatakuwa mekundu akifika miaka 70. Uzee nao unayaongezea ukavu na maradhi. Mjukuu wake akikaa miaka hiyohiyo kwenye moshi uleule, yake pia yatakuwa hivyo.

Nikiwa mtoto kijijini, upande wa Misungwi, tulikuwa na bibi wa namna hiyo. Tulikatazwa kunywa maji kwake, na mpira wetu ukiingia uani mwake tulikuwa tunausamehe. Mama mmoja wa kwaya alianza kumtembelea kila Jumamosi. Alimfagilia, akamchotea maji, akaketi naye jikoni ili wapike pamoja, na siku ya kwanza alitoka macho yakimchuruzika machozi. Jumamosi iliyofuata alikuja na mwanawe na mtaimbo, wakang'oa matofali mawili juu ya mafiga ili moshi upate pa kutokea. Nilisimama kando ya mti wa maembe nikaona ule mstari wa moshi ukitoka ukutani kwa mara ya kwanza. Kuanzia hapo watoto wawili watatu tukaanza kumpelekea kuni. Mpira tuliufuata wenyewe.

Najua kuna wanaojibu kwa Kutoka 22:18, ule mstari usemao mwanamke mchawi usimwache kuishi. Wasiishie hapo. Mistari minne tu mbele, 22:22, Mungu anakataza kumtesa mjane na yatima, na anasema kilio chao atakisikia. Sura mbili nyuma, katika Amri Kumi, imeandikwa usimshuhudie jirani yako uongo. Torati hiyohiyo, Kumbukumbu 19:15, haikubali neno la shahidi mmoja. Ramli, ndoto ya mtu, au ng'ombe aliyekufa ghafla si shahidi. Mkristo anayenyamaza wakati jina la kikongwe linanong'onwa kisimani ameshakuwa sehemu ya mnong'ono huo. Wema hapa ni kusema kwa sauti, "Huyu bibi mimi nakula kwake," kisha ukale kweli, watu wakiona.

"Asiyefanya kazi na asile"

Mstari huu unanukuliwa kuliko hata Yohana 3:16 pale mtu anapokuja kuomba. Lakini 2 Wathesalonike 3:10 inasema asiyetaka kufanya kazi. Kutaka na kuweza ni mambo mawili. Na mistari mitatu baadaye Paulo anawaambia haohao wasikate tamaa katika kutenda mema.

Nenda Mwaloni, Kirumba, ukae na watu wa dagaa utaelewa tofauti hiyo. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa: samaki wanaufuata mwanga wa taa gizani, ndipo wavu unawazunguka. Mbalamwezi ikiwaka, ziwa zima lina mwanga, dagaa hawaikusanyikii taa yako, na mitumbwi inatulia ufukweni siku kadhaa. Ukimkuta mvuvi ameketi kivulini siku hizo anashona nyavu, usimwite mvivu. Mwezi umemfungia kazi. Hali kadhalika mama anayeanika: mvua ya siku mbili ikimkuta dagaa wako mchangani, mtaji umeoza. Watu hawa wanajua kufanya kazi kuliko wengi wetu, na kuna wiki katika mwezi ambayo sufuria zao ni tupu. Jirani mwenye duka anayejua kalenda hiyo anakopesha sado ya unga bila maneno, akijua giza la mwezi likirudi atalipwa. Ruthu aliokota masuke kwa sababu Torati ilimwagiza mwenye shamba asivune hadi pembeni. Alifanya kazi, ndiyo, lakini mtu mwingine kwanza alimwachia pa kufanyia.

Na kutoka hapo naweza kuigusa kwa kifupi dhana nyingine, kwamba ukarimu ni wa wenye nacho. Mjane wa Sarepta, aliyemlisha nabii Eliya, alikuwa na konzi ya unga na mafuta kidogo chupani. Wamakedonia wa 2 Wakorintho 8 walitoa wakiwa katika umaskini mkubwa. Na mlimani kwetu anayekupa dumu la maji ni yule aliyelipandisha mwenyewe kichwani.

"Picha inahamasisha wengine"

Tumezoea: mfuko wa mchele, sabuni, na mzee katikati akiwa ameshikwa kama kombe, watu kumi wakitabasamu. Baadaye inapanda kwenye makundi ya simu. Wanaotetea husema Yesu alisema nuru yetu iangaze, Mathayo 5:16. Sura inayofuata Yesu huyohuyo anasema mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Haya hayagongani. Katika 5:16 wanaoona matendo wanamtukuza Baba. Katika 6:2 anayepiga panda anataka atukuzwe yeye. Kipimo changu ni chepesi: je, ningekubali mama yangu apigwe picha ile, kwenye kiti kile cha plastiki, kanga imemlegea? Nisingekubali. Basi na wa mwenzangu simpigi.

"Jirani mwema utamjua msibani"

Hili linauma kulisema, kwa kuwa misiba yetu ni mizuri. Turubai linafungwa, wanaume wanalala nje, akina mama wanapika kwa zamu, daftari la rambirambi linazunguka, na hakuna anayeuliza dhehebu. Sitaki hata chembe yake ipungue.

Lakini katika Mathayo 25 Yesu anataja njaa, kiu, ugeni, uchi, ugonjwa na kifungo. Wote hao ni hai. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, inapokea wagonjwa wa rufaa kutoka Kagera, Mara, Geita, Simiyu, Shinyanga na visiwani. Ukipita pale utawakuta ndugu waliosindikiza mgonjwa, hawana mtu hata mmoja mjini, nauli imekwisha, wanagawana chai. Nilikaa siku 11 na mama yangu. Kitanda cha pili alikuwapo binti wa Sengerema. Hakuwa na wa kumletea chakula, akawa anasema ameshiba. Alikuwa na bakuli moja tupu alilolifunika kwa kitambaa, ili tudhani lina kitu.

Hesabu yetu wenyewe inatuumbua. Kwenye daftari la jumuiya yetu msiba mmoja ulikusanya fedha nyingi zaidi kwa siku mbili kuliko alizopata marehemu huyohuyo kwa miezi yote aliyougua. Tulimnunulia jeneza zuri. Dawa alikuwa ananunua nusu dozi.

Tulilizungumza hili kwa machozi kwenye nyumba tuliyosali wiki ile. Katibu akaligeuza daftari, akaanza upande wa nyuma, akaandika juu kwa kalamu nyekundu: WAGONJWA. Safu ya kwanza ni jina, ya pili kiasi, ya tatu siku atakayokwenda kumwona. Tukakubaliana mtu asiye na fedha ajaze ile ya tatu tu.

Wiki hiyo aliyejaza wa kwanza alikuwa mama anayeanika dagaa, na mbalamwezi ilikuwa juu. Kwenye kiasi aliweka mstari mtupu. Kwenye siku aliandika: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, uji.