Kuondoa kirusi hakurudishi mafaili
Kwenye steshenari za Mwanza, Kirumba hadi Nyegezi, utasikia: kompyuta ikivamiwa na kirusi kinachofunga mafaili na kudai pesa, piga Windows upya, kila kitu kitarudi. Si kweli, na ushauri huu unaumiza wanafunzi wenye tasnifu. Antivirusi humwondoa mvamizi tu. Mafaili hubaki yamefungwa kwa ufunguo alionao mwizi, na kupiga Windows kunaweza kuyafuta kabisa.

Kata intaneti kwanza. Usilipe, kwani malipo hayahakikishi ufunguo. Tunza mafaili yaliyofungwa, kisha angalia tovuti ya No More Ransom, mradi ulioanzishwa 2016 na Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya), polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama. Baadhi ya virusi vina ufunguo wa bure pale. Nakala weka kwenye diski ya nje, na uichomoe ukimaliza: ikibaki imechomekwa, nayo hufungwa.