Ushirikiano wa Baltiki haukusubiri Vita Baridi viishe

Imezoeleka kudhaniwa kwamba nchi zinazoizunguka Bahari ya Baltiki zilianza kushirikiana baada tu ya Ukuta wa Berlin kuanguka mwaka 1989, labda kwa sababu Baraza la Nchi za Bahari ya Baltiki liliundwa mwaka 1992. Dhana hiyo si sahihi. Machi 1974, Denmark, Finland, Poland, Sweden, Umoja wa Kisovyeti na Ujerumani zote mbili, ya Magharibi na ya Mashariki, zilitia saini Mkataba wa Helsinki wa kuihifadhi bahari hiyo. Kilichozisukuma hakikuwa urafiki: maji ya Baltiki hubadilishana na ya bahari kuu kupitia milango myembamba ya Denmark, na huchukua takriban miaka 30 kubadilika yote, hivyo uchafu unaomwagwa na jirani mmoja huwakaa wote. Ni kweli kwamba mkataba huo, kwa kuchelea kugusa mamlaka ya kila dola, uliyaacha nje maji ya ndani, yaani yale yaliyo karibu kabisa na pwani ya kila nchi, kama bandari na ghuba ndogo. Kasoro hiyo, nadhani, ndiyo iliyowezesha saini zipatikane. Maji hayo yalijumuishwa katika mkataba mpya wa mwaka 1992, ulioanza kutumika mwaka 2000.