Madoa ya kahawia kwenye meno ya mtoto: usitupe dawa ya meno

Mama mmoja wa upande wa Mugunga alituletea binti yake wa miaka 8. Meno ya mbele yalikuwa na madoa ya kahawia. Gego moja la chini lilikuwa limetoboka. "Dokta, dawa ya meno niliiacha kwa sababu ya hii rangi," alisema.

Hapa Goma tunasikia hivyo mara nyingi. Madoa yale huletwa na madini ya floridi yaliyozidi wakati jino bado linajengeka ndani ya ufizi, na kwetu mshukiwa mkubwa ni volkano. Moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira una gesi yenye floridi. Mvua inapita humo, inateremka kwenye bati, inaingia kwenye bidoni. Chemchemi nyingine za huku nazo huzidi miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floridi haiondoki.

Dawa ya meno nayo ina floridi, lakini ni jambo jingine. Vijidudu vya mdomoni hula sukari na kutoa asidi inayomumunya jino; floridi ikipakwa juu yake hurudisha madini yaliyopotea. Kazi yake iko juu ya jino, wala haina haja ya kumezwa. Tangu 2021 dawa ya meno yenye floridi imo kwenye orodha ya Shirika hilo ya dawa muhimu.

Basi shida ni kipimo. Kabla ya miaka 3, kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia miaka 3 hadi 6, punje ya njegere. Ile picha ya mswaki uliojazwa dawa mwanzo hadi mwisho ni ya kuuzia tu. Tyubu ashike mzazi, na iwe imeandikwa ppm (kipimo cha floridi iliyomo) kati ya 1000 na 1500. Asubuhi na usiku, mtoto ateme, asisukutue. (Hapo bibi wengi hutubishia: mdomo usiosukutuliwa umesafishwa vipi? Tunawajibu: floridi ibaki juu ya jino, ifanye kazi.) Baada ya mswaki wa usiku, chai ya sukari hapana.

Chungulieni pia nyuma kabisa. Karibu na miaka 6 gego huota bila jino lolote kung'oka, wazazi wakadhani ni la utoto, litaanguka lenyewe. La binti yule lilikuwa hilo. Tuliling'oa, na pale halitaota lingine.