Je, wajua? Kwa nini “memento” huandikwa pia “momento”

Kiingereza kina neno memento, yaani kitu unachokitunza ili kikukumbushe mtu, mahali au tukio. Lakini mara nyingi utaliona limeandikwa momento. Je, ni maneno mawili tofauti?

Ni neno moja. Tahajia ya asili ni memento. Hiyo nyingine ilianza kama kosa, ikazoeleka hadi kamusi ya Merriam-Webster ya Marekani ikaiingiza kama tahajia mbadala. Wahariri wengi bado huisahihisha wakiikuta, na mimi niko upande wao, kwa sababu ile “e” ya mwanzo ndiyo iliyobeba maana yote.

Memento ni Kilatini, na huko si nomino hata kidogo. Ni kitenzi cha kuamrisha: Kumbuka! Kinatokana na meminisse, kukumbuka. Ukiwaamrisha wengi, unasema mementote, kumbukeni. Katika Misa ya Kilatini, padri alipofika kwenye Sala ya Ekaristi alisema “Memento, Domine”, Kumbuka, ee Bwana, kisha akatulia kidogo awaombee watu walio hai aliokusudia kuwataja. Mbele kidogo alianza tena, “Memento etiam”, safari hii kwa ajili ya marehemu. Kiingereza kililichukua neno hapo hapo: kwanza likawa jina la sala hizo mbili, baadaye likawa jina la chochote kinachomkumbusha au kumwonya mtu, na mwishowe kitu cha kumbukumbu. Hata siku ya Jumatano ya Majivu, maneno ya Kilatini ya kupaka majivu huanza na amri ileile: “Memento, homo”, kumbuka, ewe mwanadamu, kwamba u mavumbi.

Amri hiyo ilisikika pia nje ya Misa. Tertullian, mwandishi Mkristo wa Carthage, mji uliokuwa katika Tunisia ya leo, alieleza mwishoni mwa karne ya 2 jinsi mshindi wa vita alivyopita Roma juu ya gari la farasi huku akishangiliwa, na nyuma yake sauti ikimwambia: Tazama nyuma yako, kumbuka kuwa wewe ni mtu! Karne nyingi baadaye Wazungu walivaa pete zenye fuvu dogo la kichwa, wakaziita memento mori, kumbuka kwamba utakufa. Malkia Victoria wa Uingereza, baada ya kufiwa na mumewe Albert mwaka 1861, alivaa kidani chenye nywele za marehemu.

Sasa, “o” imetoka wapi? Kuna neno jingine la Kilatini, momentum, lenye mzizi wa movere, kusogeza. Ndilo lililozaa moment ya Kiingereza, na momento ya Kihispania na Kiitaliano, yaani kitambo kifupi. Mwingereza akitamka memento, mkazo huangukia silabi ya pili, na irabu ya kwanza humezwa isisikike vizuri. Anayeandika kwa kufuata sikio huijazia mwenyewe, na kwa kuwa kitu cha kumbukumbu kwa kawaida hutunzwa kwa ajili ya wakati fulani maalumu, moment ndiyo inayomjia haraka. Kosa linaeleweka, ila linahamisha neno kutoka ukoo wa kukumbuka na kulipeleka kwenye ukoo wa kusogea.

Wingi wake ni mementos au mementoes, na zote mbili zinakubalika.

Kiswahili kina ukumbusho, na limejengwa vizuri: kumbuka, kumbusha, ukumbusho. Ile “sh” inaonyesha kwamba kitu chenyewe ndicho kinachofanya kazi juu ya anayekitazama, karibu sawasawa na ile amri ya Kilatini. Kwa hiyo fundi wa kuchonga ngao ya kumuaga mstaafu akikuuliza aandike memento au momento, mwambie aandike “Ukumbusho”, kisha jina na mwaka.