Bibi mmoja, mahojiano mawili

Mwaka 1937, mjini Charleston katika jimbo la South Carolina, Marekani, ajuza aliyeitwa Susan Hamlin alihojiwa mara mbili kuhusu maisha yake ya utumwani. Mhoji mmoja, Jessie Butler, alikuwa Mzungu. Mwingine, Augustus Ladson, alikuwa Mmarekani mweusi kama yeye.

Kwa Butler, bibi alisema bwana wake wa zamani alikuwa mtu mwema. Kwa Ladson zikatoka habari za viboko, na za binti aliyeolewa usiku, kulipokucha akauzwa. Mama wa binti yule alitoka barabarani akawaporomoshea matusi mabwana zake, mpaka polisi wakaitwa kumchukua.

Je, bibi alimdanganya Butler? Mimi sisemi hivyo. Butler mwenyewe aliandika kwamba bibi alidhani ametumwa na ofisi ya misaada. Uchumi ulikuwa umeanguka, wazee hawakuwa na kitu, na waliogawa misaada walikuwa Wazungu. Wajukuu wa mabwana wa zamani bado ndio waliokuwa na mashamba na mamlaka, na mtu mweusi aliweza kuuawa na kundi la watu kwa neno moja tu. Anayekujia mlangoni na kalamu wakati huna chakula, utamsimangia babu yake?

Mahojiano hayo ni sehemu ya mradi wa serikali ya Marekani uliowapa waandishi ajira. Kati ya 1936 na 1938 walikusanya masimulizi zaidi ya 2,300 katika majimbo 17, na leo yamo katika Maktaba ya Bunge, Washington. Utumwa ulikoma mwaka 1865, kwa hiyo wengi wa waliohojiwa walikuwa watoto wakati huo. Ndiyo maana chakula kinatajwa mno: uji au maziwa yaliyomiminwa kwenye hori kama la nguruwe, watoto wakainama na kuchota kwa mikono au kwa maganda ya chaza. Wanakumbuka pia jinsi wakubwa walivyosali usiku kwa siri. Chungu cha chuma kilifudikizwa mlangoni ili kimeze sauti zisimfikie bwana. Habari ya chungu hicho inajirudia kutoka jimbo hadi jimbo, kwa watu ambao hawakujuana.

Jambo jingine ni lugha. Waandishi walijaribu kuandika matamshi ya wazee kama walivyoyasikia, mara nyingi wakatia chumvi, na bibi mwenye akili kali akaonekana kama kichekesho. Ukimtafsiri kwa Kiswahili, tafadhali usimpe Kiswahili cha kuvunjika.

Sauti zenyewe zilizorekodiwa ni chache. Mojawapo ni ya Fountain Hughes, aliyerekodiwa Baltimore mwaka 1949. Anaongea taratibu, kama mzee anayewausia vijana wasikopekope ovyo. Kisha anaulizwa angependa kuwa nani, mtumwa au mtu huru. Anajibu kwamba akijua atarudishwa utumwani, atachukua bunduki ajimalize, maana mtumwa si chochote ila mbwa.

Masimulizi haya yanapatikana bure mtandaoni. Ukifungua moja, usikimbilie hadithi. Mara nyingi jina la mhoji liko juu ya ukurasa wa kwanza, anzia hapo.